Kikao cha Ushorobani

Miaka haina haraka. Humpokea mtoto ndani ya mbeleko, humlea, humpima, na siku asiyoitazamia humweka mbele ya jambo ambalo hawezi kulikwepa. Binti tumtajaye hapa alizaliwa wa tatu kwa fundi cherehani aliyefiwa na mumewe mapema. Alikua chini ya meza ya mama yake akishona vifungo, huku juu ya kichwa chake wateja wakibishana kuhusu vipimo, na kabla hajajua kusoma alikwisha jifunza kwamba mwenye sauti kubwa si lazima awe ndiye mwenye haki. Akasoma, Mungu akamjalia, akaingia chuo kikuu kusomea sheria. Na mwaka wake wa tatu wanafunzi wenzake wakamchagua kuwa rais wa umoja wao.

Mama hakupiga vigelegele. Alimwambia kwa simu, "Hongera, mwanangu. Lakini cheo ni dhamana. Siku ya hesabu hutaulizwa ulikuwa nani. Utaulizwa ulimtendea nani nini."

Mpinzani wake katika uchaguzi ule alikuwa kijana wa uhandisi, jina la utani Kipaza, kwa kuwa hakuhitaji chombo cha sauti hata uwanjani. Kampeni nzima alimdhihaki kwa maneno yake ya kitabuni. "Jamani, mnachagua rais au mnanunua kamusi?" Watu wakavunjika mbavu. Binti naye alicheka pamoja nao, kisha akaenda chumbani kwake akalia, akanawa uso, akarudi kampeni.

Muhula uliofuata, alasiri moja, jiko la umeme liliunguza pazia katika bweni la wasichana. Moshi ukafurika ushorobani. Wasichana wakaukimbilia mlango wa dharura, wakaukuta umefungwa kwa mnyororo na kufuli, amri ya matroni, ili pasiwe na wa kutoroka wala wa kuingiza mgeni. Kipaza alikuwa akipita nje. Alisikia mayowe, akaokota kipande cha nondo, akapanda ngazi za nyuma, akavunja kufuli na mlango pamoja. Wote wakatoka wazima. Haukupita muda akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu: ameharibu mali ya chuo, tena ameingia bweni la wasichana bila ruhusa. Adhabu iliyopendekezwa ilikuwa kufukuzwa.

Makamu wa binti, kijana mwerevu wa hesabu za kura, alimvuta pembeni. "Rais, mto umeamua kuchukua mzigo wenyewe, uache uende. Huyu akiondoka, mwakani tunapita bila kupingwa."

"Ningetaka kupita bila kupingwa," alijibu, "ningeomba kura kwenye kioo."

"Basi atakushinda."

"Anishinde akiwa mwanafunzi."

Katika kamati ile rais wa wanafunzi alikuwa na kiti na kauli, lakini hakuwa na kura. Taarifa ya matroni ikasomwa: moshi ulikuwa kidogo, na ngazi kuu zilikuwa wazi muda wote. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja wao akamgeukia binti kwa mshangao.

"Hivi huyu si ndiye aliyekuchafua kampeni nzima?"

"Ndiye, mheshimiwa. Na kesho akinikuta njiani atanichafua tena. Lakini hakushtakiwa kwa hilo."

Kisha akasimama. Kanuni za chuo zilimruhusu mjumbe yeyote kuomba kamati ikaone mahali pa tukio, ingawa hapakuwa na aliyekumbuka ombi hilo kutolewa. Mwenyekiti, profesa mzee mwenye goti bovu, alihema.

"Binti yangu, ghorofa zote hizo? Taarifa tunayo hapa."

"Taarifa tunayo, mwalimu. Ushoroba hatuna."

Wakapanda, wengine wakinung'unika, profesa akishika ukuta kila kidato. Walipofika, binti alimwomba matroni, aliyewapokea pale, kwa adabu, "Mama, tuonyeshe chumba kilichoungua." Matroni akanyoosha kidole, na kidole chake kikazidi kuwa kizito, kwa maana chumba kilikuwa ubavuni kabisa mwa zile ngazi kuu. Aliyetaka kuzifikia ilimpasa apite penye moto.

Binti hakuhubiri. Alisema tu, "Waheshimiwa, tuseme moto umewaka pale sasa hivi. Tutokee wapi?"

Profesa akajikokota hadi mwisho wa ushoroba, akausukuma mlango wa dharura. Ulikuwa umekwisha tengenezwa, na ulikuwa umekwisha fungwa mnyororo upya. Vyuma vikalia, mlango usisogee. Akausukuma tena, mara hii kwa bega. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Matroni, fungua hapa," alisema. "Na mnyororo huu nisiuone tena." Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Kura zikapigwa palepale, watu wamesimama, na mashtaka yote yakafutwa.

Kipaza alikuwa akisubiri uwanjani. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ya chini. "Ahsante, Kamusi. Ila ujue mwakani nagombea."

"Gombea, kaka. Ndiyo maana bado upo."

Mwaka uliofuata Kipaza alimshinda kwa kura nyingi. Makamu alisema, "Si nilikwambia?" Naye akajibu, "Uliniambia, na ulisema kweli," kisha akaendelea kufagia ofisi ili Kipaza aikute safi.

Leo ni wakili, na watu wasio na wa kuwasemea wanaijua njia ya kwenda kwake. Ewe Mola Mwenye kurehemu, mpe umri wenye heri na ulimi usiochoka kutetea. Mlaze baba yake mahali pema. Mtunze mama yake katika uzee wake. Na wanawe wajalie moyo wa kumtendea haki hata asiyewapenda. Amina.