Zamu ya Maji na Roketi ya Mwezini

Betri za redio zilizoanikwa juani zina harufu yake, harufu ya kutu iliyochanganyika na masizi, na mimi niliizoea mwaka niliokuwa darasa la tano huko Suji, juu ya milima ya Upare. Betri mpya zilikuwa zimeanza kurudi madukani baada ya miaka ya rafu tupu, zikifuatana na sabuni za rangi na mashati ya mitumba, lakini kuziona si kuzinunua. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge huko Makanya, akaenda Tanga kutafuta kibarua, na sisi tuliobaki, mama, mimi na wadogo zangu wawili, tulitegemea kishamba cha maharage kando ya mfereji. Redio iliyokuwa bado inasema kijijini ilikuwa ya Mwalimu Nakundwa, aliyetufundisha jiografia. Kila asubuhi alizipanga betri zake kongwe juu ya bati la stoo ya shule, na ikifika saa saba mchana zilikuwa zimepata nguvu ya kutosha taarifa moja ya habari, basi.

Taarifa mojawapo ilisema kwamba roketi inaandaliwa kurushwa kwenda mwezini. Hakutakuwa na mtu ndani yake, ila mitambo mitupu. Jambo hilo liliondoka shuleni mchana, na kabla jua halijazama lilikuwa limefika kwenye mashine ya kusaga, ambako kina mama waliokaa juu ya madebe yao ya mahindi walibishana kwa sauti ya kuushinda mngurumo. "Wakiugonga ukapasuka je?" aliuliza mmoja. "Sisi tutapanda kwa kuhesabu nini?" Mwingine alisema moshi wake utaonekana kutoka kwenye ukingo wa mlima, pale tunapoiona reli na mistari ya mkonge chini tambarare. Kuuliza si ujinga, na wiki ile kijiji kizima kiliuliza. Watu waliozoea kuzungumzia bei ya kahawa iliyoanguka na karo iliyorudishwa walisimama njiani, mizigo kichwani, wakautazama mwezi uliochelewa kutua, mweupe kama kipande cha muhogo uliomenywa.

Mwalimu Nakundwa alitutoa nje asubuhi moja, mwezi wenyewe ukiwa bado angani. Akamshikisha mwanafunzi mmoja boga, akasema ndiyo dunia. Mimi akanipa limau. "Namsifu, wewe ni mwezi. Nenda mpaka nikuambie simama." Nilidhani angenisimamisha karibu, kwa sababu mwezi tuliuona kama uko juu tu ya kilele cha mlima. Nilipiga hatua mbili, tatu, tano, naye alikuwa kimya. Aliponiambia simama nilikuwa nimefika kwenye ua wa maua. "Kati yenu panaenea maboga thelathini yaliyopangwa mstari," alisema, "na hapo katikati hamna kitu." Sikuwahi kufikiri kwamba mahali pasipo na kitu panaweza kupimwa. Siku zilizofuata niliwaza hilo nikichota maji, nikaliwaza nikila makande, mpaka mama akaniuliza kama nina homa.

Siku ya kurushwa roketi iliangukia siku ya zamu yetu ya maji. Kwetu maji ya kijito hukusanywa usiku kucha katika bwawa la udongo tunaloliita ndiva, na asubuhi hufunguliwa yateremke mferejini, kila familia na saa zake. Zamu yetu ilikuja mara moja kwa wiki. Mvua zilikuwa zimekatika mapema mwaka ule, maharage yalikuwa yametoa maua, na mama aliyekwenda gulioni Makanya na mkungu wa ndizi kichwani aliniachia kazi moja: kuelekeza maji tuta baada ya tuta, nikifungua kwa jembe na kuziba kwa matope na magamba ya mgomba. "Usiondoke hapa," aliniambia. "Hata ukiitwa, usiondoke."

Sikuitwa na mtu. Niliona tu watu wakipandisha kuelekea shuleni, wazee na watoto, hata mama aliyeendesha mashine ya kusaga, akiwa ameizima. Nilikuwa nimemaliza matuta mawili. Nikajiambia tuta la tatu ni refu, litachukua muda kujaa, nami nitakimbia nirudi. Nikaziba kwa haraka, nikaliacha jembe palepale, nikaenda. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa, na ukimya wake ulikuwa kama wa kanisani. Redio ilikwaruza, ikasema mambo ya mikutano na bei za mazao, kisha mtangazaji akatamka kwamba urushaji umeahirishwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Watu walitazamana. Bibi mmoja akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe na wao wanangoja mawingu kama sisi!"

Niliporudi mbio, matope niliyoziba yalikuwa yamebomoka na ukingo wa mfereji umekatika. Maji yote ya zamu yetu yalikuwa yanaporomoka korongoni, na saa yetu imekwisha. Nilijaribu kuziba kwa mikono, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama alirudi jua likielekea kushuka. Aliyatazama matuta makavu, akanitazama mimi na kucha zangu zilizojaa udongo. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinishika mkono, tukapanda hadi kwenye ndiva, kwa Mzee Kajiru, msimamizi wa zamu, aliyeogopwa kwa kutomwongezea mtu yeyote hata dakika.

"Shikamoo, Mzee," mama alisema, akaeleza bila kuficha.

"Marahaba. Zamu yenu ni wiki ijayo, mama Namsifu."

"Maua hayatafika wiki ijayo."

Mzee alinigeukia. "Uliacha maji ukaenda wapi?"

"Kusikiliza roketi, babu."

Alikwangua matope kwenye jembe lake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ikaruka?"

"Haikuruka, babu. Kulikuwa na mawingu."

Ndipo nilipoelewa kwamba kijiji kizima kilipokwenda shuleni, yeye alibaki pale peke yake na lango la maji, akitamani kujua. "Kesho utajenga ukingo ulioubomoa, kwa mikono yako. Ukimaliza, chukueni nusu ya zamu yangu. Na siku itakaporuka uje uniambie yote, usiruke hata neno."

Iliruka siku nne baadaye. Nilikimbia kutoka shuleni mpaka kwenye ndiva bila kupumzika, nikamweleza moto, mngurumo na safari ya siku nyingi itakayofuata. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na huko kuna maji?" Sikujua. Nilirudi kwa Mwalimu, naye akasema bado hakuna ajuaye kwa hakika. Nilipompelekea jibu hilo, Mzee Kajiru alifurahi kuliko nilivyotarajia, kusikia kwamba swali lake hata wenye roketi hawajalijibu. Maharage yetu hayakufa yote. Tulivuna karibu nusu, na mama hakuwahi kulitaja jambo lile tena.

Sasa ninaishi mjini Same, nina duka la madaftari na kalamu karibu na stendi. Juzi niliangalia kwenye simu roketi nyingine ikiondoka kwenda mwezini. Niliona kila kitu, moto, mnara, nyuso za watu wa huko wakihesabu. Nilimwonyesha binti yangu, akatupa jicho, akasema kwa upole, "Mama, hiyo nimeshaiona." Simlaumu. Anapata kwa kidole tulichokuwa tukikipandia mlima, na dhiki ile simtakii hata kwa siku moja. Lakini nilisimama mlangoni mwa duka kwa muda, nikiwatazama abiria wakishuka na mabegi yao, nikitafuta uso wa mtu mmoja ambaye alikuwa bado hajasikia, nimsimulie.