Kibuyu cha mbegu tulichoingia nacho msitu wa Mau

Wakuu, salamu kutoka Keringet. Mimi ni cucu, yaani nyanya, naandika na kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe na siongezi chumvi.

Miaka ya hamsini nikiwa na miaka tisa hivi, askari wa mkoloni walitufukuza shamba huko juu ya Olenguruone, nyumba zikachomwa. Baba akatuingiza msituni: mama, mimi, na dada yangu mdogo Wambui, miaka mitatu.

Tulibeba unga kidogo, chumvi, jembe, na kibuyu cha maharagwe ya mbegu yaliyochanganywa na jivu ndio wadudu wasiyale.

Mama ndiye alikuwa wa kupima. Uji kikombe kimoja kwa siku, unapikwa asubuhi kukiwa na ukungu, ndio moshi usionekane. Mchana ni thabai, ile mboga inawasha, imechemshwa hiyo asubuhi.

(Baridi ya huko nyinyi wa heater hamuijui. Sawa, turudi.)

Wiki ya pili unga ukaisha. Wambui akafura miguu, hata kulia akaacha. Mama akaangalia kibuyu.

Baba akasema, "Hiyo ni ya shamba. Mvua ikinyesha tutakuwa tumerudi."

Si ati alikuwa mbaya. Kwetu kukula mbegu ni kukubali huna shamba tena.

Asubuhi moja baba akienda kutafuta asali, mama alichemsha konzi moja kwa siri. Wambui akakula, akalala vizuri.

Baba aliporudi, nikamwambia.

Ni mimi nilisema, wakuu. Nilikuwa nimefundishwa mbegu haikuliwi, nikaona nafanya vizuri. Baba hakugombana. Alichukua tu kibuyu, akawa anatembea nacho kila mahali.

Siku ya nne baada ya hapo Wambui akatuacha.

Baba alichimba na lile jembe la kupandia. Halafu akawasha moto mchana wazi, akamwaga kibuyu chote kwa sufuria, na jivu lake.

"Kuleni," akatuambia.

Nilishiba. Hiyo ndio inaniuma mpaka leo.

Shamba hatukurudishiwa. Mama hakuwahi kunilaumu, na mimi sikumuomba msamaha mpaka akaenda.

Lesson ni moja: mtoto akule kwanza, shamba itajijua.

Kama kwenu kuna mzee aliyeishi msituni, muulize walikula nini, uniandikie hapa chini. Nasoma zote, polepole.

Sasa natoka kidogo. Kesho napanda, na konzi ya kwanza ya mbegu iko jikoni inachemka. Watoto wa jirani wanajua kuja na sahani, lakini hawajui hiyo konzi ni ya nani.