Mgongo wa Mkono wa Bi Pi-hsia

Watu wakienda Japani hupiga picha maua na mahekalu. Bi Kuo Pi-hsia wa Tainan alipiga picha nguzo za umeme. Katika siku zake nne za kwanza mjini Yatsushiro simu yake ilijaa nguzo, transfoma na soketi za hoteli, pamoja na picha moja ya hekalu la kale, ambayo nayo, ukiitazama vizuri, ilipigwa kwa ajili ya waya wa kukinga radi ulioshuka ukutani.

Usimcheke. Kwa miaka thelathini na minane yeye na mumewe waliendesha duka la maji na umeme, wakaingiza mabomba na nyaya katika nusu ya nyumba za mtaa wao. Mume alikuwa juu ya ngazi, mke chini kwenye swichi kubwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa swichi hiyo, hata mwenye nyumba. Mzee alikufa kwa figo, wala si kwa umeme, na Bi Pi-hsia huwaambia watu habari hiyo kama mtu anayeonyesha cheti. Sasa ana miaka sitini na saba, amestaafu, na mkobani mwake hana poda wala kioo. Ana testa ya kupimia umeme.

Na Japani ilimpendeza mno. Kila mashine ya kufulia aliyoichungulia ilikuwa na ule waya wa kijani wa kushusha umeme ardhini, tena umefungwa mahali pake, haukuachwa ukining'inia. Siku ya pili alisimama barabarani karibu saa nzima, baridi ikimkata masikio, akimtazama fundi aliye juu ya nguzo. Kabla ya kugusa kitu chochote, yule bwana alikinyooshea kidole na kutamka kwa sauti kwamba kiko sawa, na huku yuko peke yake huko juu. Machozi yalimlenga Bi Pi-hsia.

"Baba yako angepapenda hapa," alimwambia bintiye.

"Twende, Mama. Watu wanatutazama."

Binti huyo, Yu-ching, aliolewa huko na kijana aitwaye Shun'ichi, na wanaishi ghorofa ya juu katika nyumba ya mama yake mume, Bi Nagatomi Fumie. Yu-ching alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku ya tano mama mkwe alimwalika mgeni nyumbani kwa chai, na walipofika kwenye kona ya mwisho Yu-ching akasimama.

"Mama, nakuomba. Kwa mama mkwe usifungue kitu."

"Kwani nitafungua nini?"

"Siku ya harusi ulifungua kifuniko cha swichi ukumbini."

"Kilikuwa kimelegea."

"Nilikuwa nimevaa shela, Mama. Nikakushikia skrubu."

Bi Pi-hsia akacheka, lakini binti hakucheka. Alimweleza kwamba kwa miaka miwili Bi Fumie amemtendea kwa adabu ya kutisha. Apike asipike, asifiwa. Aunguze wali, ashukuriwa. Mwezi uliopita tu, kwa mara ya kwanza, mama mkwe alionja supu yake akamwambia imezidi chumvi, naye Yu-ching akaingia bafuni akalia kwa furaha. "Ndiyo kwanza ananiona mtu wa nyumbani," alisema. "Usinivunjie." Mama akampa testa aiweke mfukoni mwake. Alimaanisha kutulia, na mimi namwamini, ingawa ni sawa na kumwambia daktari asisikie kikohozi.

Nyumba ya Bi Fumie ilikuwa safi kiasi cha kukufanya ujitazame nyayo. Mwenyewe, mwanamke mwembamba wa miaka sabini, alifundisha ushonaji maisha yake yote. Aliwaketisha kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini yake na mfarishi juu, miguu yote ikaingia kwenye joto. Palikuwa na chai, kibakuli cha chenza, na keki za nanasi ambazo Bi Pi-hsia alizileta kutoka kwao. Kando ya meza, ukutani, palikuwa tayari pametandikwa godoro dogo jeupe. Bi Fumie akaeleza kwamba mtoto akizaliwa wakati bado kuna baridi, atakuwa akilala hapo mchana, penye joto.

"Mama amefurahi," Yu-ching akatafsiri.

Na mama alikuwa amefurahi kweli. Ila aliona kwamba pembeni ya godoro, chini ya soketi, pamekaa mfuko mdogo wa kitambaa wenye maua ya zambarau yaliyotariziwa kwa mkono. Waya wa hita ya meza uliingia ndani ya mfuko huo, na ncha ikatoka upande wa pili kwenda kwenye soketi.

Bi Fumie akamwona anavyoutazama. "Hapa kwangu hakuna miguu ya pweza," alisema kwa fahari kidogo. Ndivyo wanavyoita huko ile hali ya plagi kurundikana kwenye ekstensheni moja na nyaya kutambaa kila upande. "Kila waya nimeukunja, nikaufunga uzi, nikaushonea mfuko wake. Nyaya ni kitu kibaya kukitazama."

Nyumbani Tainan, nyaya za Bi Pi-hsia zimepita ukutani kama kamba za kuanikia nguo, na mashoga zake humsema. Lakini kila mmoja unapata hewa. Waya uliokunjwa ukafungwa kama kitita cha mchicha, kisha ukabeba mzigo wa hita kutwa nzima, joto lake litatokea wapi? Akanyoosha mkono taratibu, kama mtu anayestaajabia kazi ya sindano, akaugusa mfuko kwa mgongo wa vidole. Mafundi hugusa hivyo. Kiganja kikipigwa na umeme hukamata na hakiachii, lakini mgongo wa mkono hujirusha.

Ulikuwa wa moto kama chungu kilichotoka kuepuliwa.

"Ching," alisema kwa lugha yao, bila kubadili uso. "Mwambie achomoe hii sasa hivi. Ndani humu panaungua."

Yu-ching akamtazama mama yake, akalitazama godoro, akamtazama mama mkwe aliyekuwa akingoja kwa tabasamu. Kisha akasema kwa Kijapani, "Mama anasema maua yako ni mazuri sana."

"Ah, ni kitu kidogo tu," Bi Fumie akajibu, mashavu yakimwiva. "Mwambie nitamshonea wake arudi nao."

Bi Pi-hsia hakujua Kijapani, lakini alijua sura ya mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake inaungua, na hii siyo. Hakumgombeza binti. Alijivuta kwa magoti hadi alipoketi Bi Fumie, akauchukua mkono wake, jambo ambalo huko hufanyi kwa mtu uliyekutana naye mara mbili, akaugeuza, na kuulaza mgongo wake juu ya maua ya zambarau.

Tabasamu la Bi Fumie likaondoka. Akauacha mkono pale kwa muda, kana kwamba anahesabu. Halafu akachomoa plagi, akaleta mkasi, akaikata mishono yake mwenyewe. Ndani kitambaa kilikuwa cha rangi ya chai iliyokolea. Ngozi ya waya ilikuwa imelainika, mikunjo imegandana, na mahali pamoja shaba ilichungulia.

Akalisogeza godoro dogo kwanza, mbali, mpaka ukuta wa pili. Ndipo akamgeukia mkwewe.

"Alisema nini, yeye?"

"Alisema... panaungua."

"Na wewe ukaniambia maua."

Yu-ching akainama. "Samahani, Mama. Niliogopa kukuaibisha."

"Mgeni ndiye anayeambiwa maua," Bi Fumie akasema, na sauti yake ilikuwa ya ukali ambao binti hajawahi kuusikia katika nyumba ile. "Mjukuu wangu alazwe hapa, na mama yake aogope aibu yangu kuliko mtoto kuungua? Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Muulize mkwe mwenzangu anasemaje, uniambie alivyosema, usipunguze."

Yu-ching akauliza. Bi Pi-hsia akafikiri kidogo, akausugua mgongo wa mkono wake.

"Mwambie sijaona mkono wa kushona kama wake. Na mwambie angetuua wote."

Binti akatafsiri yote mawili, bila kupunguza neno. Bi Fumie akasikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa hadi nywele zikagusa mfarishi, na alipokiinua macho yalikuwa yamemlowa.

"Mwambie," alisema, "iko mifuko mingine kumi na mmoja. Mmoja uko juu, chumbani kwenu, chini ya kitanda."