Mwenye Mnazi na Mwenye Ardhi

Msimamizi wangu wa mradi wa mwaka wa mwisho alinichukia tangu siku ya mwanzo, nami sikuchelewa kumrudishia. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Malindi, mtaa wa mji wa zamani, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mashamba kisiwani kwetu kabla ya Mapinduzi. Mimi binti wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, baba yangu seremala, babu yangu katoka bara. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitika marahaba huku anaangalia viatu vyangu, kisha akanambia niviache chini kwenye ngazi, si mlangoni kwake. Tulifanyia kazi nyumbani kwake kwa sababu kompyuta za chuo zilikuwa chache na zimezeeka.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Tulikuwa tunapanga utafutaji wa kompyuta unaofuata maana badala ya herufi. Chuo kilikuwa na mahojiano ya wazee wa Kendwa, kijiji cha pwani, wakieleza habari za miti na viwanja vyao mahoteli yalipoanza kuingia. Katika utafutaji wa kawaida ukiandika "mnazi" unaletewa kila ukurasa wenye neno hilo, basi. Sisi tulitaka mtu aulize, "Nani mwenye minazi ile?" na kompyuta imjibu, hata kama aliyehojiwa kasema tu, "Ile kaipanda bibi." Kwa hivyo ilitubidi kwanza tuchore kwenye karatasi duara la mtu, la mti na la ardhi, halafu mishale ya kuonyesha nani ana nini.

Mishale ndiyo iliyotugombanisha. Yeye alichora mmoja kutoka kwa mtu kwenda kwenye ardhi, akasema miti inafuata humo humo. Nikamwambia hapana, miti iwe na mshale wake, kwani kwetu mtu anaweza kuwa na mnazi juu ya ardhi ya mwenzake. Nikamtolea mfano wa babu yangu, aliyepanda minazi nje ya mji kwenye shamba la watu, na mpaka anakufa ikiitwa minazi yake.

Aliweka kalamu chini.

"Babu yako alikaribishwa tu," alisema. "Aliyekaribishwa hana chake."

Nilikusanya daftari zangu nikashuka. Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa idara kuomba nibadilishiwe msimamizi. Akanambia hakuna mwengine anayeijua kazi ile, nirudi nikaombe radhi. Nilirudi. Aliisikiliza radhi yangu mpaka mwisho, kisha akasema hakuniita kwa ajili hiyo, nikae nichape. Wiki saba tulikaa meza moja, hatusemezani ila la kazi. Mpango ulioandikwa ni wake, mshale mmoja.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa makusudi. Nilichukua kurasa sita za mahojiano, nikazitengenezea majaribio mawili, moja kwa mpango wake na moja kwa wangu. Sikumwambia. Siku ya kuueleza mpango mbele ya jopo la walimu, naye kakaa mstari wa mbele, nilianza na lake. Niliiuliza kompyuta nani mwenye minazi ya kiwanja fulani pale Kendwa. Ikajibu kuwa ni hoteli. Nikafungua ukurasa wenyewe, nikawasomea maneno ya bibi aliyehojiwa: "Kiwanja nimeuza. Minazi sijauza, nimeipanda mwenyewe."

Mwalimu mmoja akauliza mpango huo ni wa nani.

"Wa msimamizi wangu," nikasema, na hapo ndipo nikaonyesha wangu.

Alinisubiri ukumbini nje. Uso wake ulikuwa umetulia.

"Ungenambia mie kwanza."

"Nilikwambia, Mwalimu. Ukanisemea babu yangu hana chake."

"Baba yangu alinyang'anywa shamba," alisema polepole. "Waliokuja kulichukua walianza kwa kusema miti ni yao. Weye hukuwapo."

Nilimpita nikenda zangu.

Wiki ile ile alijitoa kunisimamia. Nilisainiwa na mwalimu wa hesabu ambaye hakuusoma mradi wangu, nikafaulu kwa alama za katikati, na ule utafutaji haukuvuka kurasa zile sita. Aliyekuwa na ujuzi wa kuukuza ni yeye, nami nilikuwa nimeshamfukuza. Miaka mingi nilijihesabu kuwa nimeshinda.

Mji wetu mdogo. Tunakutana matangani. Akiingia yeye, wanawake husogea kumpisha, nami husogea pamoja nao, kisha sote wawili tunashika juzuu zetu za Kurani tukamsomea marehemu.