Gervase Tolliday Hakuondoka Kitini

Gervase Tolliday alipata ubunge kwa sababu wenye hadhi kumzidi waliogopa safari. Vita vya mfalme na Bunge vilikuwa vimezifanya barabara za Uingereza kuwa za wanyang'anyi, na mji wa Haddlecombe ukampeleka London huyu mtia rangi sufu, mtu wa maneno machache, mwenye mikono ya buluu hadi viwikoni. Wabunge wakubwa hawakujishughulisha na jina lake. Walimwita Kiwiko.

Majira yale ya baridi, Sir Ellis Garraway, mbunge na kanali wa jeshi la Bunge, alitaka kuuchoma mtaa wote ulio nje ya ukuta wa Haddlecombe, ili watu wa mfalme wakija wasipate pa kujificha. Huko ndiko walikoishi watia rangi, akiwamo Thomasin, dada yake Tolliday, mjane.

"Habari za vita niondolee," Thomasin alimwambia kaka yake alipokuwa akipanda farasi kurudi London. "Nyumba ikiungua sina pa kwenda. Kaa huko mpaka kieleweke, kaka."

Kukaa ndiko kulikokuwa na maana. Kwa desturi ya Bunge, kura ikigawanyika, wa ndiyo hutoka nje ya ukumbi. Wa hapana hubaki walipoketi. Viti havikutosha, na anayetoka hukuta mwenzake kajinyoosha kwenye nafasi yake. Kwa hiyo wasiojali hubaki, na aliyebaki amesema hapana.

Jasper Wintle, aliyeketi kando yake, alimsukuma begani. "Simama, Kiwiko, uombe nyumba ziachwe. Nakuunga mkono."

"Utatoka nje na baridi hii?"

Wintle alitazama mlango. "Mh. Goti langu hili..."

"Na wenzako wote wana goti hilohilo. Siombi kitu; nikiomba, wangu ndio watakaotakiwa kutoka. Mwenye haja ya moto aombe yeye."

"Akichoma bila kuomba?"

"Askari wake ni watoto wa mtaa uleule. Bila amri ya Bunge hawawashi."

Garraway naye aliijua desturi hiyo, akawa anangoja Tolliday aanze. Kila asubuhi Tolliday aliwahi sala ya kufungua kikao, akaketi, asitoke hata kwenda haja, hoja isije ikaletwa hayupo, ingawa mawe ya figo yalimkata kama kisu.

"Kiwiko, makalio yameota mizizi?" Garraway alimrushia mbele ya watu. "Tetea nyumba zako basi!"

"Nakungoja wewe, mheshimiwa."

Wakacheka, hata rafiki zake Garraway.

Hatimaye ikaja habari kwamba watu wa mfalme wamesogea. Garraway hakuweza kungoja tena. Alisimama, akasema vizuri, akaomba ruhusa ya kuchoma. Spika akaagiza wa ndiyo watoke. Nje mvua ya barafu ilikuwa ikipiga mawe ya ua. Waliomwahidi Garraway kura walifika mlangoni, wakaitazama mvua, wakavitazama viti vyao, na baadhi wakarudi kuketi.

Hoja ikaanguka.

Garraway aliingia akichuruzika maji, akakuta nafasi yake imekaliwa. Akaegemea nguzo, macho kwa Tolliday.

"Na watu wa mfalme wakipitia mtaa ule?" Wintle alinong'ona.

"Kosa litakuwa langu, nami nitalijibu. Leo nyumba zimesimama."

"Basi twende tukanywe bia."

"Tangulia," alisema Tolliday, akijikaza kwenye benchi. "Huyu wa nguzoni bado hajaenda kwake; anaweza kuomba tena."