Hajaulizwa si Sawa na Hana

Saa mbili asubuhi, mvua ya mji wa Suva inapiga bati, na Sereima Qalobula anamega muhogo wa kuchemsha kwa mkono mmoja. Mkono mwingine uko kwenye kibodi. Skrini imejaa mistari myekundu ya makosa, naye anaitabasamia.

"Dada, hiyo kanuni yako inatutukana kila siku," analalamika Avinesh, mwenzake wa meza ya pili.

"Haitukani, inauliza. Ijibu, itanyamaza."

Sereima, 43, anaandika programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati za visiwani. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi kwenye kisiwa cha Kadavu kwa miaka tisa. Huko aliwahi kumdunga mtoto penisilini kwa sababu nafasi ya mzio kwenye fomu ilikuwa tupu. Mtoto alivimba uso, akaponea chupuchupu.

"Nilidhani tupu maana yake hana. Kumbe hakuna aliyemuuliza mama yake."

Alipojifunza kazi mpya, akakutana na kosa lile lile. Kwenye msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, taarifa isiyo ya lazima kila mtu aliiandika anavyojua: huyu aliiacha isiwepo, yule aliiweka tupu, mwingine akaruhusu yote mawili. Skrini ikazionyesha zote kwa neno moja: "Hana."

Mwaka jana Sereima akaongeza kanuni kwenye programu inayokagua msimbo kabla haujapokelewa. Taarifa inayoweza kukosekana iandikwe kwa namna moja tu, na anayeisoma aseme atafanya nini isipokuwepo. Siku ya kwanza yakajitokeza makosa 1,146.

"Nilimwambia aizime, tutachekwa," anakiri Avinesh. "Akaninunia siku mbili. Ya tatu nikavuta kiti, tukasahihisha pamoja."

Iliwachukua wiki tano. Mwezi Machi mwaka huu simu ikaita. Alikuwa Lusiana, muuguzi wa Kadavu.

"We Sere! Skrini imeniandikia 'Hajaulizwa' kwenye mzio. Nikamuuliza bibi wa mtoto niliyetaka kumdunga penisilini. Kasema sindano hiyo nusura imuue mjukuu wake mwaka juzi!"

Sereima alitoka nje, akalia mpaka mvua ikamlowesha.

Sasa anaandaa kanuni ya tarehe za kuzaliwa, maana wazee wengi wa visiwani wameandikwa kuwa walizaliwa Januari mosi kwa sababu tu hakuna aliyejua tarehe zao.

"Tukubali kusema hatujui," anasema. "Halafu twende tukawaulize."

Agosti atakwenda Kadavu na Avinesh, ambaye hajawahi kupanda meli asitapike.

"Atatapika, tena sana," anacheka Sereima. "Lakini atawaona watu anaowaandikia programu."