Roho saba za Madamu

Harufu ya ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa, zikikauka juani kule kwetu Mulongwe, mtaa wa Uvira, mtu wa mbali akiisikia anafunga pua. Sisi tulikuwa tunafungua mdomo. Inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye daftari za shule, na naamini ndiyo sababu mwalimu wangu alikuwa ananikalisha karibu na dirisha. Nilifika mwaka wa nne wa primeri, halafu vita ikaja ikafunga shule, na mpaka leo hesabu za kugawanya sijui zinaishia wapi. Kwa hiyo msomaji akiona nimeruka mahali, ajue hapo ndipo walipofunga mlango. Lakini habari za paka siruki hata moja. Habari za paka nimezibeba na hasira tangu niko mtoto, na hasira haiombi cheti.

Baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa kiwanda cha pamba. Uhuru ulipokuja wazungu wengi waliondoka, huyo akabaki, akisema pamba haina siasa. Miaka michache baadaye waasi wakaukaribia mji, na pamba ikapata siasa asubuhi moja tu. Mzungu na mke wake wakajaza gari, wakataka kuvuka kuingia Burundi kabla mpaka haujafungwa, wakamwomba baba awasindikize ili aongee na watu wa vizuizi njiani. Paka wao akajificha chini ya kitanda, akakataa kutoka. Baba akamvuta, akamtia ndani ya kitunga, akakimbia naye mpaka kwetu huku honi ya gari inamwita barabarani. Nilikuwa mlangoni natoa mawe kwenye maharagwe. Akanikabidhi kitunga.

"Feza, huyu ni wako mpaka nirudi. Umupe samaki ya kupikwa, utoe miiba. Maji kila siku. Maziwa apana, inamuharibu tumbo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Mpaka nirudi," akasema tena, akaenda.

Akili ya mtoto inafunga vitu pamoja bila kamba. Siku ileile nilijipangia kwamba paka akiwa mzima, baba atarudi. Paka akifa, baba naye amekwisha. Sikumwambia mtu. Nilimtazama tu yule mnyama, nikaona maisha ya baba yamewekwa kwenye miguu minne myembamba.

Na alikuwa mnyama wa ajabu kweli. Paka wetu wa Mulongwe walikuwa na mistari, au weusi, au rangi ya majivu, wote na masikio yaliyokatika kwa vita zao. Huyu mwili ulikuwa rangi ya maziwa yenye chai kidogo, lakini uso, masikio, miguu na mkia vilikuwa vyeusi kama amepita juu ya moto. Macho ya buluu, tena yanatazamana yenyewe kwa yenyewe. Mkia una kona pale mwishoni. Alitembea akiweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama mwanamke anayekwenda misa na viatu vipya, na majirani wakamwita Madamu. Na sauti! Hakulia kama paka. Alilia kama mtoto aliyezaliwa jana ambaye tayari ana malalamiko.

Sasa nimlete baba mukubwa, kaka mkubwa wa baba, ambaye alihamia kwetu siku hiyohiyo atuangalie. Zamani alikuwa kapita, msimamizi wa watu wa barabara, na kazi ile ilimwachia ugonjwa wa kujua kila kitu. Alijua sababu ya mvua, dawa ya meno, namna ya kulea mapacha. Paka hakuwahi kufuga hata mmoja maishani mwake, kwa hiyo alijua habari za paka kuliko wote. Alimtazama Madamu mara moja, akasema wazungu walimchoma uso na miguu ili asiibe nyama. Akaagiza mawese. Walimpaka mawese usoni, miguuni, mkiani, wakimtibu moto usiokuwepo, na Madamu akakaa mchana mzima akijilamba na kutapika. Kisha baba mukubwa akaona ile kona ya mkia, akasema umevunjika, akaushika aunyooshe. Sitaandika Madamu alilia namna gani. Nitaandika tu kwamba baba mukubwa alikwanguliwa mpaka kwenye kiwiko, na mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kucheka. Ndicho kicheko changu pekee katika habari hii, nakiweka mapema kisipotee.

Nikitaka kumpa samaki, baba mukubwa ananikamata mkono. "Weye mutoto, unamuharibu. Paka akishiba hakamati panya." Nikiweka maji kwenye kifuniko cha sufuria, anayamwaga kwa mguu. "Umeona wapi paka iko anakunywa maji?" Nikasema baba ndiye aliyeniagiza. Akasema, "Baba yako ni mupishi. Minye ni mukubwa wake." Hapo maneno yamekwisha, kwetu ukubwa ulikuwa unajibu kila swali, hata la tumbo la paka. Siku moja nikarudi kutoka kuchota maji nikakuta amemnyoa sharubu kwa wembe, zote, pande mbili. Alisema paka asiye na sharubu hatembei mbali na nyumba. Kweli, hakutembea mbali. Angetembea vipi? Alikuwa anagonga kichwa kwenye miguu ya meza, anaingiza uso ndani ya kopo na kushindwa kuutoa, anasimama mbele ya tundu la ukuta alilokuwa anapita kila siku na kulifikiria kama mtihani. Watu walikuwa wanacheka. Mama alitazama pembeni, sababu mwanamke hawezi kumfokea shemeji yake mkubwa mbele ya watu.

Mdomo ule uliojua paka ulijua na vita. Baba mukubwa alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, kaka Bahati, mrefu, mwenye meno ya kucheka, aliyekuwa ananibeba mabegani tukienda ziwani kuoga. Waasi walipoingia mjini, vijana wakaanza kupakwa dawa na kunyunyiziwa maji ili risasi zisiwaingie. Baba mukubwa alimpeleka Bahati mwenyewe, akarudi amejaa furaha. "Risasi itageuka maji," alituambia huku akila. "Minye nimeona kwa macho." Hakuwa ameona kitu. Bahati alipita kutuaga na majani kichwani, akamkuna Madamu nyuma ya masikio, akaondoka na wenzake kuelekea Kamanyola, kule bondeni kwenye mapigano.

Kisha ndege zikaanza kupita juu ya mji, na watu wakaanza kupanda milima. Tulipanda na sisi: mama na godoro kichwani, baba mukubwa na fimbo na mashauri, mimi na kitunga mgongoni kimefungwa kwa kitenge. Madamu alilia njia nzima. Wanawake waliotupita walimwangalia mama vibaya. Mmoja akasimama kabisa: "We mama, huna huruma? Mupe mutoto titi!" Mama akasema ni paka. Yule akatema mate chini. "Wengine wanasahau watoto wao bondeni, weye unabeba paka!" Mama akanisaidia kukaza kitenge. Mpaka leo namheshimu kwa lile fundo.

Juu kule tulipokelewa na Mama Sara, mwanamke wa wafugaji, mlokole mwenye moyo mpana na ng'ombe wengi. Baridi ya kule sisi watu wa ziwa hatukuijua. Asubuhi unaongea na moshi unatoka mdomoni. Mama Sara alimwonea huruma Madamu, akamletea maziwa, kikombe kizima, ya moto kutoka kwa ng'ombe. Nikasema baba amekataza. Mama Sara akacheka kwa upendo. "Mutoto wangu, paka na maziwa ni ndugu!" Baba mukubwa akaongeza kwamba ndiyo chakula chake hasa. Madamu alikunywa, sababu njaa haichagui, akaharisha mpaka mifupa ya mgongo ikahesabika. Huyu alikuwa anamwua kwa kumnyima, yule kwa kumpa, na wote wawili walikuwa na uhakika. Mimi niliyeambiwa na mtu aliyempikia paka huyo kwa miaka, nilikuwa mtoto wa kike, basi sikuwa na mdomo. Nilikwenda kijitoni na kifuniko changu, nikaloweka ndagala chache tulizobeba, nikamlisha kwa vidole ndani ya majani marefu nyuma ya zizi. Taratibu akapata nguvu. Sharubu zikaota upya. Nikaanza kumwona baba njiani anarudi.

Ndipo Madamu akaanza kubadilika rangi. Kwanza mgongo, halafu mbavu. Ile chai ya ndani ya maziwa ikazidi kuwa chai, ikawa kahawa. Mwanzoni baba mukubwa alifanya mzaha: "Tazama, hata yeye amepata uhuru, anageuka muntu mweusi kama sisi!" Kila mtu alicheka. Lakini rangi haikusimama, na vicheko vikapungua. Watoto wa Mama Sara wakaacha kumgusa. Wakimbizi wengine wakaanza kunong'ona kwamba mnyama anayebadilisha ngozi amebeba uchawi wa mtu.

Habari ya Bahati ililetwa na kijana aliyekimbia vita kule bondeni. Alisimama mbele ya nyumba bila kukaa, akasema Bahati alitembea wima mbele ya bunduki, hakuinama, sababu aliambiwa haitamwingia. Ikamwingia. Baba mukubwa hakulia. Alikaa chini akimtazama Madamu, aliyekuwa amejikunja juani akiwa mweusi karibu mzima, na niliona anatafuta. Mtu aliyejua kila kitu alikuwa anatafuta sababu isiyokuwa yeye.

Kesho yake mchana nilikuta kitunga kitupu. Nilikimbia mpaka pale mlima unapokatika, mahali unapoona ziwa lote chini limelala kama bati. Baba mukubwa alikuwa anarudi kutoka ukingoni, mikono mitupu, imejaa alama za kucha. Nikapiga kelele ambayo Madamu mwenyewe angeiheshimu. Na yeye, kwa upole kabisa, upole ndio unaonichoma mpaka leo, akanishika kichwa.

"Usilie, mutoto. Paka iko na roho saba. Anatua na miguu. Atashuka mpaka Uvira, utamukuta nyumbani anakungojea."

Mama alikuwa amenifuata. Godoro alilobeba, maneno yote aliyomeza, alivitua pale.

"Na Bahati, shemeji? Ulimwambia iko na ngapi?"

Baba mukubwa akakaa kwenye majani. Mama akanishika mkono, tukaondoka, tukamwacha pale na ziwa lake.

Nilishuka chini ya mlima mara nyingi kutafuta. Ni miamba na miti ya miiba; sikuona hata unyoya. Na kwa kuwa sikuona, nilimwamini baba mukubwa. Ndilo jambo baya kuliko yote alilonifanyia. Tuliporudi Mulongwe nilikimbia mbele ya wote, nikakuta nyumba haina mlango na jikoni kumeota majani. Niliweka maji kwenye kifuniko nje, kila asubuhi nikayabadilisha, nikangoja roho iliyobaki ije kunywa. Aliyekuja ni baba. Alikuwa amekwama Burundi muda wote ule, amekonda, mzima. Kumbe hata mimi nilikuwa na uongo wangu juu ya paka: Madamu hayupo, na baba amerudi. Alitukumbatia, kisha akaona kile kifuniko cha maji, akauliza, "Madamu iko wapi?" Mama alimweleza ndani. Alipotoka alimkuta kaka yake amekaa chini ya ukuta, kichwa kimenyolewa kwa msiba, akakaa karibu naye. Nani atamfokea mtu aliyezika mtoto bila maiti? Kila mtu alimsamehe. Hasira ikakosa pa kukaa, ikaja kukaa kwangu, na mimi niliipa kiti.

Sasa ni bibi wa magoti mabovu, nakaa Nyamianda, hapahapa Uvira. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya paka, nikaangusha miwani: ni Madamu, na kona ya mkia na macho yake ya kugombana. Akanisomea kwamba aina hiyo asili yake ni Siam, nchi ya mbali huko Asia. Kwamba wanazaliwa weupe, na nywele zao zinaota nyeusi pale mwili unapopata baridi. Ndiyo maana ni masikio, miguu, uso na mkia. Ukiwapeleka kwenye baridi kali, wanakuwa weusi karibu mwili mzima. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Baridi! Mnyama wa watu alikuwa anasikia baridi, na sisi tukamhukumu. Nikalia mbele ya mtoto, naye akadhani ni simu iliyoniumiza macho.

Ningependa kuandika kwamba leo watu wana simu, kwa hiyo wana akili. Lakini jirani yangu, kijana wa pikipiki, wiki iliyopita alimnyoa paka wake sharubu, hamlishi ili akamate panya, na akimwona anakunywa maji anashangaa. Nilimfokea mpaka watu wakatoka nje. Akacheka: "Koko, bibi yangu, acha wasiwasi, paka iko na roho saba." Na shingoni, kwenye kamba, alikuwa amevaa kichupa cha maji, kile cha kuzuia risasi wanachopewa vijana wanaopanda milimani na bunduki siku hizi. Nilitazama kile kichupa. Nilitazama meno yake ya kucheka.

"Na weye," nikamwuliza, "uko na ngapi?"

Aliwasha pikipiki, akaenda. Paka wake alibaki mlangoni kwangu, nikamwekea maji.